Kitalu cha Karani

Trei sita, kila moja vishimo sabini na viwili:
mia nne thelathini na mbili.
Nimehesabu mara mbili. Ni ugonjwa wa kazi.
Miaka thelathini na mmoja nilisimama Kilindini,
peni sikioni, ubao wa karatasi kifuani,
na hakuna kasha lililonipita bila nambari.

Sasa nimestaafu, niko juu ya dari, Majengo,
baina ya tangi na kamba ya nguo,
nachekecha udongo kwa chekeche la unga.
Mishi hajajua bado habari ya chekeche.

Udongo ni wa Rabai, ulikuja kwa gunia.
Samadi ni ya mbuzi wa Kadzo,
imelazwa hadi ikasahau harufu yake.
Nachanganya. Nafumbata konzi moja:
ikichuruzika maji, nimezidisha;
ikimwagika kama mchanga, bado;
ikishikamana, kisha ikavunjika kwa kidole,
basi, bismillahi.

Mbegu ya nyanya ni ukucha wa mtoto mchanga.
Ya pilipili ni sarafu ya nchi ya sisimizi.
Ya mchicha ni nukta tu, ukipumua imekwenda.
Bamia niliirowesha usiku kucha
ndani ya bakuli, kando ya mbaazi za asubuhi,
na ilibaki kidogo tuile kwa mahamri.

Kila shimo mbegu mbili:
moja ya kuota, moja ya wasiwasi.

Vijiti ni vya aiskrimu. Nilivinunua kwa watoto wa chuoni,
kijiti kwa peremende,
nikavikosha, nikavianika, nikaviandika kwa mwandiko wa bandari:
NYANYA. 4 MACHI. TREI 1.
BIRINGANI. 4 MACHI. TREI 2.
PILIPILI MBUZI. 5 MACHI. TREI 3.
Mishi akasoma mstari mzima, mikono kiunoni:
"Na meli ya kuzichukua yaja lini?"

Kisima chetu kina chumvi, na mche haulambi chumvi.
Basi nanunua kwa mkokoteni wa Kitsao:
dumu la kwanza letu, la pili la trei.
Mishi aijua bei. Hasemi kitu.
Lakini akikosha mchele, yale maji meupe
nayakuta kwenye ngazi, ndani ya kopo, yamefunikwa.

Siku ya sita nyanya zikatoka,
shingo zimepinda kama watu
watafutao kiatu chini ya kitanda,
wengine wangali wamevaa ganda kichwani.

Siku ya tisa, kunguru.
Nilipanda baada ya sala ya alfajiri, nikakuta trei uchi.
Hakuna kijiti hata kimoja.
Juu ya nguzo ya stima wanajenga,
na ukikaza macho utaona ukuta wa kiota
umeandikwa BIRINGANI.

Mimi, karani, nilikaa chini.
Miche yote ina majani mawili membamba,
yote imeapa kutosema.

Mishi akaja na beseni la nguo.
Akalitua. Akafinya jani, akanusa vidole.
"Hini nyanya."
Akasogea. "Hini pilipili, haina harufu, ina kiburi."
"Na hini?"
"Biringani. Ngoja wiki mbili, itaota manyoya.
Na chekeche langu ukishamaliza, lirudishe."

Trei ya tano, pembeni, kuna mmoja
wa majani ya duara, manene, si wetu.
Akanusa. Nikanusa. Tukatazamana.
Labda ulikuja tumboni mwa mbuzi.
"Ung'oe," nikasema.
"Ung'oe kwani umekuomba nini?"

Nikakata kipande cha dumu bovu,
nikakwaruza kwa msumari, wino hauaminiki:
MGENI.
"Na tarehe?" akauliza, safari hii bila kucheka.
Nikafikiri sana. Nikaacha pale pamoja wazi.
Kisha kibao nikakididimiza hadi shingoni,
na juu ya nguzo, mmoja wao
akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja.